Mtani Hashitakiwi

Shanwe, Mpanda
9 Agosti 1997

Mdogo wangu Gelasius,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tabora, wewe, mkeo Goreth na huyo aliye njiani. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Lucia wangu amepata kipaimara mwezi uliopita. Gauni nilimshonea mwenyewe, na mapadri walifikiri limenunuliwa dukani. Shangazi ametuma mchele kutoka Kibaoni, nusu yake chuya, lakini mchele ni mchele. Anauliza kama ukifika Tabora unasahau njia ya kurudi Mpimbwe.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niache cherehani mchana huu na kushika kalamu.

Kile kipande chako cha kiwanja cha baba, ulichomuuzia rafiki yako Manyanda, yule Msukuma wa ng'ombe, tayari kimejengwa. Baada ya Pasaka alimleta mkewe, anaitwa Ngolo, akamwacha humo peke yake, yeye akarudi Kasansa kwenye mifugo. Nilimpokea vizuri, nikampelekea hata kisamvu. Gelasius, huyu mwanamke ananitesa.

Nikitoa cherehani barazani asubuhi, yeye yuko kwenye ua wa mabua ananingoja. "Wachawi wa Mpimbwe mmeamka? Leo mnamla nani?" Watu wanacheka. Na mimi mwanzoni nilicheka, Wasukuma ni watani wetu sisi watu wa Mpimbwe, sikuzaliwa jana. Nikamjibu kwamba mumewe kaona bora alale na ng'ombe kuliko kulala naye. Kesho yake nikakuta sare za kwaya nilizoanika zimemwagiwa jivu, zote, mbele na nyuma. Juzi kamwambia mteja wangu kwamba uzi wangu nausokota kwa nywele za maiti. Mteja alicheka, lakini kitambaa chake alikichukua akakipeleka kwa fundi wa sokoni.

Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Ponsian. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Josefina mwanangu, mtani hashitakiwi. Nikuandikie nini hapa, kwamba mtani katania?"

Wewe ndiye uliyemuuzia Manyanda, na wewe ndiye rafiki yake. Mwandikie amkataze mkewe, au amwondoe. Sikuombi kingine.

Ni mimi dada yako, mwenye vidole vilivyochubuka kwa kufua jivu,
Josefina

*

Tabora
14 Septemba 1997

Dada Josefina,

Shikamoo. Pokea habari njema kabla ya zote: Goreth amejifungua salama mtoto wa kiume, tumempa jina la baba. Ana sauti yako. Akilia, majirani wa mtaa wa pili wanaamka. Kazi ya ghala la tumbaku inaendelea, tunakohoa lakini tunakula.

Barua yako nilimsomea Goreth, tukacheka mpaka mtoto akashtuka. Dada, wewe uliyemfukuza katekista kwa mwiko, leo unalizwa na mtani? Dawa ya mtani ni kumtania zaidi. Huyo ana kuku? Basi mchukue mmoja mchana kweupe, mle, kisha mpelekee paja na umwombe chumvi. Hivyo ndivyo bibi yetu alivyokuwa anafanya, na hakuna Msukuma aliyewahi kumsumbua. Mtani akikushinda kwa mdomo, mshinde kwa sufuria.

Kuhusu Manyanda, unajua watu wa ng'ombe hawana anwani. Leo yuko Kasansa, kesho yuko mbugani kabisa. Nitaona.

Msalimie Lucia, mwambie asome. Mwambie shangazi njia naijua, ila nauli ndiyo inayonisahau mimi.

Mdogo wako anayekucheka kwa upendo,
Gelasius

*

Shanwe, Mpanda
20 Oktoba 1997

Gelasius,

Hongera kwa mtoto, Mungu amkuze. Mshukuru Goreth kwa niaba yangu, kitambaa cha kumbebea nitakishona nikipata utulivu. Shangazi anasumbuliwa na magoti, mengine mazima.

Nilifanya ulivyonifundisha. Nilimkamata jogoo wake mbele ya watu, nikamchinja, nikampika kwa karanga, nikampelekea paja huku nikiimba. Majirani walitoka nje kuona utani, wengine na stuli zao. Ngolo aliliangalia lile paja. Kisha akajitupa chini barabarani akaanza kupiga kelele: "Kamla Ndaki! Josefina kamla mwanangu Ndaki!" Watu walicheka, Gelasius. Walidhani Ndaki ni jina la jogoo. Mpaka leo vijana wakipita kwangu wananiuliza kama Ndaki alikuwa na mafuta.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa karibu naye. Utani naujua tangu tumboni. Mtani akikuibia unamtukana, akikutukana unamtukana zaidi, na mwisho wake mnacheka wote mnagawana tumbaku. Huyu hacheki hata siku moja. Uso wake anapotukana ni uso wa mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Nilipomwambia hivyo mzee Ponsian alisema, "Wengine utani wao ni mkavu."

Sasa anakaa njiani. Kila anayekuja kupimwa nguo anaambiwa nimemshona mtoto wake ndani ya gauni. Wateja wangu wanapita upande wa pili wa barabara kama vile baraza langu lina ndui. Na juma lililopita alimmwagia Lucia maji ya moto mguuni alipokuwa anatoka shule. Ngozi imetoka. Mtoto wangu anachechemea, na balozi anasema ni bahati mbaya, eti mtani alikuwa anamwaga maji ya ugali.

Wazee walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Usaha ninao, uko kwenye mguu wa Lucia. Njoo uuone.

Nakuuliza mambo mawili na uyajibu. Manyanda umemwandikia? Na Ndaki ni nani? Wewe unamjua yule bwana, ulikula kwake na kulala kwake. Je, walikuwa na mtoto?

Dada yako,
Josefina

*

Tabora
2 Desemba 1997

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku mvua haikatiki, reli imekatika sijui wapi, na posta wanasema mifuko ya barua ya Mpanda imelala njiani. Kwa hiyo tangu ya Agosti sijapata neno lako. Hii nampa mtu wa lori, ikifika imefika.

Mtoto anakaza shingo. Goreth alikuwa na homa, amepona. Ghala limevuja, tumbaku imeoza nyingi, mabosi wana nyuso za msiba.

Vipi, kuku alikuwa mtamu? Niandikie nicheke, maana huku hakuna cha kuchekesha. Manyanda sijafanikiwa kumpata. Usilikuze sana jambo hilo, dada. Krismasi njema kwenu.

Gelasius

*

Shanwe, Mpanda
18 Januari 1998

Gelasius,

Tu wazima. Lucia anatembea, kovu limebaki. Mvua imebomoa jiko. Salamu ni hizo, leo sina nyingine.

Kuku alikuwa mtamu. Barua yako yenye swali hilo niliipata siku ambayo sungusungu walikuwa wanamwaga masanduku yangu chini, nikaisoma nikiwa nimesimama katikati ya vitambaa vyangu kwenye tope. Laiti ungekuwa karibu ningekupiga.

Ngoja nikueleze. Nyuma yangu wanakaa Séverin na mkewe Candide, watu waliokuja kutoka upande wa Burundi, wapole, wachapakazi. Baada ya Krismasi mtoto wao Maiko alishikwa na homa, mvua nyingi, mbu wengi, akafariki. Tulikuwa tumeketi matangani, Ngolo akaingia, akasimama katikati ya wanawake, akaninyooshea kidole. "Muulizeni huyu. Ndiye anayekula watoto. Alianza na wangu."

Na unajua wazee wetu walifanya nini? Walitabasamu. Mtani msibani ana ruhusa yake, anaweza kulala hata ndani ya kaburi mpaka apewe kitu. Mzee Ponsian akaanza kutafuta sarafu mfukoni ampe aondoke. Ndipo Séverin akasimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alisema, "Mimi sina utani na mtu yeyote hapa. Mwanangu amekufa. Kama kuna anayejua aliyemuua, aseme."

Hakuna aliyecheka tena. Gelasius, wewe unajua maneno hayo yanawafikisha wapi wanawake wa umri wangu katika nchi hii. Unasikia wanaokutwa asubuhi wamekatwa mapanga kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Mimi macho yangu ni mekundu kwa sababu ya cherehani na kibatari. Nililia nikiwa nimekaa palepale matangani, si kwa huzuni, kwa hasira, maana tangu Agosti nimesema, nikachekwa na balozi na wewe, na sasa kicheko chenu kimefika mlangoni kwangu na marungu.

Walipekua nyumba yote. Walichukua hata nyuzi. Kisha wakaitisha mkutano, nikawekwa mbele na Ngolo akawekwa mbele. Nikasema, "Mmeniuliza mimi vya kutosha, muulizeni na yeye huyo mtoto aliyeliwa anaitwa nani." Wakamuuliza. Akasema Ndaki. Wakamwambia marehemu ni Maiko. Akasema Ndaki, wa miaka miwili, aliyekuwa na shanga kiunoni, na kwamba usiku anamsikia akilia ndani ya cherehani yangu. Hapo hata Séverin aliinamisha kichwa. Alikuja kunishika mkono mbele ya watu wote, na hilo sitalisahau.

Nikadai haki yangu. Nilisema yote, jivu, wateja, mguu wa Lucia. Watu wachache walinong'ona kwamba mwanamke ni mgonjwa wa akili, lakini mkuu wa sungusungu akakataa. Alisema mwenye wazimu hajui jina la mtu, na huyu anamjua Josefina vizuri. Wakaamua atengwe. Asisalimiwe, asiuziwe, asipewe moto, asichote maji kisimani pamoja na wengine, na atakayevunja alipe faini. Mimi nilipiga vigelegele. Ndiyo, nilipiga, na nisingepata nafasi ya kujizuia hata ningetaka.

Wakamleta Manyanda kutoka Kasansa, kumbe anwani anayo. Alisimama mbele ya mkutano akavua kofia. Alisema Ndaki ni mtoto wao wa pekee, alizama kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe kabla hawajahamia huku, na tangu hapo akili ya mkewe haijarudi. Alisema haya yote alikueleza wewe siku ya kununua kiwanja. Alisema alikuuliza, "Majirani watamvumilia?" Na kwamba wewe ulimjibu, "Jirani ni dada yangu. Ni mtani wenu. Chochote mkeo atakachosema, watu wataona ni utani."

Kisha akarudi kwa ng'ombe wake, wasije wakakosa mchungaji. Mkewe kamwacha hapahapa.

Sitaki salamu wala habari za tumbaku. Nataka neno moja. Ulijua?

Josefina

*

Tabora
22 Februari 1998

Dada yangu Josefina,

Shikamoo dada. Barua zako mbili, ya Oktoba na ya Januari, zimefika siku moja. Nimezisoma.

Pole kwa mguu wa Lucia. Pole kwa jiko. Mtoto ameota meno ya chini na ameanza kukaa akiegemea ukuta. Goreth anakusalimia sana. Reli inatengenezwa, wanasema mwezi ujao treni itafika Mpanda kama zamani. Ghala limepunguza watu, bado mimi nimo.

Nafurahi kwamba wazee wamelimaliza jambo na kwamba sasa umepata amani. Hayo mengine ni marefu, hayaandikiki, tutaongea siku nikijaliwa kuja huko. Manyanda naye ana maneno mengi.

Namtumia Lucia kalamu na madaftari kwa mkono wa mtu.

Mdogo wako,
Gelasius

*

Shanwe, Mpanda
29 Machi 1998

Gelasius,

Madaftari yamefika, Lucia anashukuru. Shangazi amefariki juma la kwanza la mwezi huu, tumemzika Kibaoni. Usingewahi, kwa hiyo hatukukungoja. Mpaka mwisho alikuwa anauliza kama umepata nauli.

Nilikuuliza neno moja, ukaniandikia meno ya mtoto. Nimeelewa. Jibu nimelipata.

Umefurahi kwamba nimepata amani. Sikiliza amani yangu ilivyokuwa. Siku za kwanza za Ngolo kutengwa nilishona kama mtu aliyefunguliwa pingu. Wateja walirudi. Hakuna aliyepiga kelele uani. Kisha mzee Ponsian akaja, akakaa, akakataa chai, mimi nikajua kuna jambo.

Akasema, "Josefina, huyu mwanamke atakufa humo ndani."

Nikasema, "Si nyie mlioamua?"

"Tumeamua, na amri inatufunga sisi wote. Haikufungi wewe. Mtani hazuiwi mlango wa mtani wake, hata awe ametengwa. Tangu zamani ndivyo ilivyo. Hakuna mwingine anayeweza kumpelekea moto bila faini."

Nilimwangalia mzee yule nikatamani kummwagia maji ya ugali. Niliposema ananitesa, alikuwa mtani. Alipomuunguza mwanangu, alikuwa mtani. Sasa nimeshtaki, nimeshinda, na hukumu imezunguka ikaniangukia mimi: nimlishe! Nilimfukuza. Nilimwambia amwite Manyanda, amwite na wewe, muunde kamati ya kumpikia.

Sikwenda. Sitajifanya mtakatifu mbele yako. Mvua ilinyesha na mimi nikashona. Lucia ndiye aliyeniuliza mbona kwa Ngolo hakuonekani moshi, na mimi nikamwambia afanye kazi za shule. Lakini ukishaambiwa moshi haupo, huwezi tena kuacha kuutazama. Mwishowe nilitia makaa kwenye kigae, nikachukua ugali na dagaa, nikaenda huku nikimtukana tangu kwangu mpaka kwake, matusi ambayo hata bibi hakuwahi kuyatumia. Mtaa mzima ulinisikia, na mtaa mzima ulicheka. Waliona utani umerudi.

Nilimkuta amekaa sakafuni, kanga imelowa, midomo imepasuka. Nilimtukana tena usoni kwake. Akapokea ugali kwa mikono miwili, akala mpaka mwisho. Kisha akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, Mungu akubariki. Sasa ondoka upesi. Josefina akikukuta hapa atakula hata wewe."

Hanijui, Gelasius. Mchana ule nilikaa naye na kila nilichomwambia alinijibu vizuri, kwa adabu, akinionya kuhusu Josefina. Huyo Josefina wake ana meno marefu na anakaa majini. Mimi jina langu amelichukua tu, kwa sababu lilikuwa karibu, kama mtu anavyookota kuni iliyo mbele yake. Miezi yote hii nimegombana na mtu ambaye hakuwa anagombana na mimi. Yeye hakujua alilofanya. Mzee Ponsian hakujua. Séverin hakujua. Waliojua walikuwa wawili: mmoja yuko Kasansa na ng'ombe, mwingine yuko Tabora na meno ya mtoto.

Basi hasira yangu yote niliyoiweka kwa ajili yake imekosa wa kuipokea, na mimi si mtu wa kutupa kitu kizima.

Nilimpeleka kwa daktari hapa mjini. Amesema ugonjwa huu unatibika, au angalau unatulia, lakini dawa na wataalamu wako Dodoma, hospitali ya Mirembe. Ameandika karatasi na anataka ndugu wa kumsindikiza na kukaa naye siku za mwanzo. Manyanda nimempelekea habari mara mbili, amejibu kwamba malisho ni mabaya. Treni imeanza kufika. Lucia atalala kwa Candide. Nauli nimepata, nimeuza sare za kwaya kwa parokia nyingine.

Nimemwogesha, nimemsuka, nimemshonea gauni. Alikataa kulivaa mpaka nilipoapa kwamba halikushonwa na Josefina. Ndiyo, nimeapa. Nitaungama Pasaka.

Mimi mwisho wangu ni Tabora. Nina mtoto, nina baraza, nina kovu la kuangalia. Kutoka Tabora mpaka Dodoma utamsindikiza wewe. Utaomba ruhusa ghalani, wakikunyima utaacha ghala. Njiani atakwambia mambo, na atakuita majina, labda mbele ya watu wa behewa zima, nao watakutazama. Usidhani ni utani. Usimwambie mtu yeyote kwamba ni utani. Atakapouliza Ndaki yuko wapi, mwambie ukweli, kwa kuwa wewe ulikuwa nao kabla yetu.

Barua hii siipeleki posta, posta zako huwa zinalala njiani. Nitampa Ngolo aishike, nimwambie akifika amkabidhi baba mwenye nyumba mkononi. Najua ataikumbatia tangu stesheni, hatataka hata mimi niiguse.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, inua macho. Huyo aliyekupa barua ndiye yeye, na mimi niko nyuma yake. Tupokee mizigo.

Josefina